Kutu Ina Alama Ngapi?

Agosti 2024, huko Pebble Beach, California, waamuzi wa shindano la magari ya kale lililoanza mwaka 1950 walitoa tuzo kuu kwa gari ambalo halijafanywa upya. Ni Bugatti Type 59 Sports ya mwaka 1934, iliyowahi kuwa ya Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji, nyeusi yenye mistari ya manjano, na uzee wake umeachwa ulivyo. Kwa miongo mingi tuzo hiyo ilikuwa ikienda kwa magari yaliyovuliwa hadi chasi, yakapigwa rangi, yakang'arishwa, yakafungwa tena nati kwa nati. Safari hii kwa mara ya kwanza lilishinda gari lililohifadhiwa tu.

Kwetu nasi tuna shindano letu. Klabu ya wenye Alfa Romeo ilianzisha Concours d'Elegance mwaka 1970, na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi, umekuwa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Gari hukaguliwa bodi na rangi, upande wa chini, injini, ndani na buti, kisha huendeshwa lionekane kama linatembea inavyopasa. Kila sehemu ina alama zake. Anayeujua mchezo huu hulala chini ya gari usiku kucha na mswaki wa meno, kwa sababu tope kidogo lililosahaulika ndani ya madigadi linaweza kumnyang'anya kikombe.

Mjadala huu, wa kung'arisha au kuhifadhi, nimeupeleka Timboroa kwa makusudi. Stesheni ya reli ya Timboroa iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, na karibu na hapo reli hufika kilele cha futi 9,136. Waingereza walijivunia kwamba hakuna reli iliyopanda juu zaidi katika himaya yao. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret inapita papo hapo. Peugeot, Bedford, Land Rover, kila gari lililoelekea Malaba kwa njia hiyo limehema hapo. Ngong, gari linaulizwa linang'aa kiasi gani. Timboroa linaulizwa kama litafika.

Nimeziketisha sauti nne kwenye kibanda cha chai. Sikuzipa majina, kwa sababu ni misimamo, si watu. MKAGUZI amesimamia maonyesho na anaijua karatasi ya alama kwa kichwa. MZEE aliendesha Peugeot za abiria kati ya Eldoret na Nairobi. FUNDI ananyoosha bodi na kupiga rangi katika gereji ya jua kali Eldoret. MHANDISI ni binti anayesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Moi, pale Kesses. Na nje ya kibanda tuegeshe gari la mfano: Peugeot 504 station wagon ya miaka ya sabini, keria juu ya paa, sakafu ya nyuma imezibwa kwa bati, injini imetolewa kwenye 504 nyingine. Mzee anataka kujua kama gari hili linaweza kusimama uwanjani bila kuchekwa.

MKAGUZI: Litasimama, mzee wangu, na hakuna atakayelicheka. Lakini kushinda ni neno jingine. Keria si ya kiwandani, hapo unapoteza. Viti vya nyuma vimeshonwa upya kwa turubai, unapoteza. Nikilala chini nikaona lile bati, unapoteza zaidi.

MZEE: Sasa bwana mkaguzi, hiyo keria ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Abiria walipanda na magunia, na kuku, na godoro. Bila keria nani angepanda gari langu?

MKAGUZI: Sikatai. Lakini mimi sipimi maisha yako, napima gari. Na ngoja nikueleze kwa nini karatasi ni kali hivyo. Ukiondoa orodha ya alama, unabaki na macho ya mwamuzi, na macho ya mwamuzi yana marafiki. Atashinda mheshimiwa, atashinda mdhamini. Orodha inamlinda mtu kama wewe. Nikiwa chini ya gari na tochi, sijui ni la nani wala sitaki kujua. Kama bomba la breki limeshika kutu, la bwana mkubwa na lako yanakatwa sawasawa.

Hoja hii ina uzito kuliko wanavyodhani wanaodharau maonyesho. Nchi yetu ina mashindano mengi ambayo mshindi hujulikana kabla hayajaanza. Mahali ambapo mtu anakatwa alama kwa sababu taa ya breki haikuwaka, bila kuulizwa baba yake ni nani, si mahali pa kubezwa.

FUNDI: Mimi naongeza. Watu wanaisifu hiyo Bugatti yenye rangi ya zamani kama kwamba uchakavu ni kitu kizuri chenyewe. Mzee, samahani, lakini kutu si historia. Kutu ni chuma kinachokufa. Mwenye Bugatti anailaza kwenye chumba kikavu, hewa imepimwa. Sisi hapa tuna ukungu asubuhi, mvua mchana na umande usiku. Ukiniambia niache gari la Timboroa lilivyo, baada ya miaka mitano nitakuletea mlango peke yake.

MZEE: Wewe unatafuta kazi tu.

FUNDI: Natafuta, ndiyo! Rangi ndiyo mkate wangu. Lakini njoo hapa.

Wanatoka nje wote. Fundi anachuchumaa kando ya mlango wa nyuma na kugonga kwa vifundo vya vidole chini ya kizingiti, toka mbele kwenda nyuma. Ko, ko, ko, mlio mkavu wa bati. Kisha, kabla ya gurudumu, mlio unakuwa mzito na kufifia. Anatoa mfukoni kisumaku alichokivika kitambaa ili kisikwaruze rangi. Mbele kinanasa. Pale mlio ulipobadilika kinateleza na kumwangukia kiganjani.

FUNDI: Puti. Na imepakwa nene kama chapati. Juu rangi inang'aa, mkaguzi akipita na haraka zake atampa mwenye gari alama. Ndani hakuna chuma. Hiyo kazi si yangu, ila najua ilivyofanywa: mteja alitaka gari Ijumaa, pesa ilikuwa nusu, basi tundu likajazwa badala ya kukatwa na kuchomelewa bati jipya.

MHANDISI: Basi fundi umejipinga mwenyewe. Kumbe mng'aro unaweza kudanganya kuliko kutu. Lile bati la sakafuni, baya kama lilivyo, linasema ukweli. Ukilitazama unajua pameoza, pamezibwa, limepigwa ribiti ngapi. Puti imeficha.

MKAGUZI: Binti, hapo umesema. Ndiyo maana nasi tunagonga.

MHANDISI: Mnagonga, lakini karatasi yenu haina mahali pa kuandika mlichosikia zaidi ya kukata alama. Fundi aliyeficha na fundi aliyeziba wazi wote wanakatwa. Wa kuficha ana bahati ya kutogunduliwa. Kwa hiyo karatasi inawafundisha watu kuficha.

Mkaguzi hakuwa na jibu la haraka, akaagiza chai nyingine. Wakati inakuja, binti akafungua boneti.

MHANDISI: Sasa mtazame kabureta. Mzee, nani alibadilisha jeti?

MZEE: Mimi na fundi wangu wa zamani. Gari lilikuwa linatoka Nakuru likiwa na nguvu, likipita Makutano linaanza kutoa moshi mweusi. Ukidhani umemaliza kupandisha, bado. Plagi ukizitoa ni masizi matupu. Tukaweka jeti ndogo, likatulia. Nikishuka Nairobi lilikuwa jepesi kidogo kwa mafuta, lakini nilivumilia, maana shida yangu haikuwa Nairobi.

MHANDISI: Na hiyo ni hesabu sahihi, ingawa hukuisoma darasani. Kwa urefu huu hewa ina uzito wa robo tatu hivi ya ile ya pwani. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumimina petroli kana kwamba hewa ni ileile. Mafuta yanazidi hewa, moshi unakuwa mweusi, na robo hivi ya nguvu inapotea. Maji nayo hapa huchemka kwenye nyuzi 91 hivi za Selsiasi, si 100, ndiyo maana rejeta zilikuwa zinafoka kwenye mlima huu, hasa kifuniko kikiwa kimechoka na kushindwa kushika presha. Sasa naomba niulize karatasi ya alama: jeti iliyobadilishwa ni kosa, au ni ushahidi kwamba gari hili liliishi hapa?

MKAGUZI: Kwa kitabu cha kiwanda, ni kosa.

MHANDISI: Kiwanda kipi? Hizi 504 zimeunganishwa hapahapa Kenya hadi mwaka 2004. Ufaransa walikuwa wameacha kuziunda zamani.

MKAGUZI: Kuunganishwa hapa hakukufanya jeti ndogo kuwa ya kiwandani.

MHANDISI: Hapana. Ila kunaifanya Kenya kuwa sehemu ya gari.

Nitamkatiza binti kidogo, maana ameligusa jambo ambalo wapenzi wa magari ya kale duniani wamekuwa wakilibishania kwa miaka. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari haya, linaeleza gari la kihistoria kuwa ni lile lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililohifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake, na ambalo halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Ni maelezo ya watu makini. Lakini yasome ukiwa umesimama kando ya 504 ya mzee.

MZEE: Lisitumike kila siku? Basi mimi sina gari la kale. Jana limebeba viazi.

MKAGUZI: (anacheka) Hiyo sheria iliandikwa na watu wenye gari la pili.

MZEE: Na la tatu.

Kwa Kenya kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Kanuni haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo hatutarajii meli ituletee 504, wala 404, wala Cortina. Zilizopo ndizo zilizopo, na zilizopo zimepita mikononi mwa jua kali. Ukitafuta gari la zamani ambalo halijaguswa na fundi wa Kenya, utakuta machache mno, na wenyewe walikuwa na uwezo wa kuyafunika turubai na kuyasahau. Karatasi inayotaka uasilia mtupu, hata kama mkaguzi hamjui mwenye gari, inamjua. Inamjua kwa hali yake ya maisha.

MKAGUZI: Mwandishi, unanigeuzia kibao. Lakini nikubali kwamba hata sisi tuna magari ambayo michubuko yake hatuigusi. Joginder Singh alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kabla haijafika mikononi mwake. Gari kama lile likiletwa uwanjani likiwa na alama za mawe kwenye bodi, mimi sitamwambia mwenyewe apige rangi. Zile alama ni hati.

MZEE: Hati ya nini?

MKAGUZI: Ya mashindano. Ya ushujaa wa barabara zetu.

MZEE: Barabara hizohizo nilizopita mimi?

MKAGUZI: Ndiyo, mzee, lakini...

MZEE: Yeye alipita mara moja kwa mwaka, siku nne, na watu wakimpigia makofi. Mimi nilipita kila siku, na askari wakinisimamisha. Peugeot hii hii, 504, ilishinda Safari mwaka 1975, na ikashinda tena 1978. Tope la yule ni hati, la kwangu ni uchafu?

Hapa ndipo nilipotaka mjadala ufike, na naona mzee amefika kabla yangu. Uchakavu wa Bugatti umepewa heshima kwa sababu gari liliwahi kuwa la mfalme. Michubuko ya gari la Safari inahifadhiwa kwa sababu dereva aliandikwa magazetini. Keria ya gari la abiria, iliyochomelewa na mtu asiyejulikana ili mama mmoja afikishe kabichi zake Nakuru, inaitwa nyongeza isiyo ya kiwandani. Ni chuma na jasho vilevile. Tofauti ni nani anakumbukwa. Sidhani waamuzi wa Ngong wana nia mbaya. Wamerithi kipimo kutoka kwa watu ambao gari lao la zamani lilikuwa la Jumapili, na hawajakaa kukipima kipimo chenyewe.

FUNDI: Maneno matamu. Lakini mwandishi, wewe hushindani. Ukisema kila keria ni historia, kesho atakuja mtu na 504 aliyoifunga spika ishirini na taa za buluu, aseme ni historia ya matatu.

MHANDISI: Na ni historia ya matatu! Ila ya lini? Kama ilifungwa wakati gari linafanya kazi, nionyeshe. Kama imefungwa mwezi uliopita kwa ajili ya onyesho, ni mapambo.

MKAGUZI: Utajuaje?

MHANDISI: Daftari. Kila gari lije na maelezo yake: lilibadilishwa nini, lini, kwa nini, na nani kama anajulikana. Picha za zamani zikiwepo ziletwe. Anayeeleza kikweli apewe alama za kueleza, hata kama kitu chenyewe si cha kiwandani. Anayekutwa ameficha akatwe mara mbili.

FUNDI: Dada, jua kali haina risiti.

MZEE: Haina. Aliyenichomelea hiyo keria alinidai pesa ya chai, tukamaliza.

MKAGUZI: Na daftari linaweza kuandikwa usiku wa kuamkia onyesho. Binti, mimi nimeona watu wakibandika namba za injini. Sembuse hadithi.

Hapa mkaguzi ana haki, na mimi niliyekuwa namshangilia binti ikabidi nipunguze sauti. Hadithi ni rahisi kughushi kuliko chuma. Kwenye maonyesho makubwa ya nje, namba ya injini na ya chasi hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda. Sisi tuna logbuku, na logbuku ya 504 ya mzee bado inataja injini iliyotolewa zamani. Kabla ya kuota kushinda, inambidi arekebishe usajili, maana gari lenye injini isiyo kwenye karatasi lina matatizo barabarani kabla hayajawa ya uwanjani.

Lakini fundi, ambaye nilidhani yuko upande wa mng'aro, ndiye aliyetoa njia.

FUNDI: Sikilizeni. Chuma hakiongopi ukijua kukiuliza. Keria iliyokaa miaka thelathini imekula rangi pale miguu inaposhika paa, na ndani ya mfereji wa maji pana mkwaruzo uliozeeka. Iliyofungwa juzi haina. Ribiti za bati la sakafu, vichwa vyake vimelika sawa na bati. Kiti kilichokaliwa na abiria kimebonyea upande wa mlango, kwa sababu kila mtu anaingilia hapo. Mkaguzi asiyejua haya ajifunze. Mkitaka waamuzi wa kusoma matengenezo ya hapa, chukueni mafundi wa hapa muwaweke kwenye meza ya alama, si wenye magari peke yao.

MKAGUZI: Na wewe ukiwekwa mezani, utaikata alama rangi ya mwenzako wa gereji jirani?

FUNDI: Nitaikata kwanza.

Wote wakacheka, lakini nadhani pendekezo hilo ni zito kuliko daftari. Kuna ujuzi ambao shindano letu halijautumia: macho ya watu ambao wameyafungua magari haya na kuyafunga tena bila kitabu, wakiwa na spana chache na spea ya gari jingine. Wanaona mambo ambayo karatasi haiyaoni. Wana ubaya wao pia, wivu wa kazi na kujuana kwingi, na kwa hiyo orodha ya mkaguzi isitupwe. Iongezewe daraja moja la magari yaliyofanya kazi: Peugeot za abiria, Land Rover za mashambani, Bedford za mbao. Humo alama za usafi zipungue, za kutembea ziongezeke, na matengenezo ya zamani yasomwe badala ya kuadhibiwa.

MKAGUZI: Za kutembea, nakubali. Uwanjani tunaendesha mwendo mfupi, tunaangalia taa, waipa, honi. Kwa daraja kama hilo ingefaa mlima.

MZEE: Mlima si huu hapa? Toka Makutano mpaka stesheni, abiria saba ndani, mizigo juu. Asiyechemsha ashinde.

MHANDISI: Na kabureta zisiguswe njiani.

MKAGUZI: Breki kwanza. Mimi sipandi mlima na gari ambalo silijui breki zake, na sitaruhusu mtu apande. Na ile puti ya kizingitini itoke, liwekwe bati. Hilo si suala la sura. Kizingiti ndicho kinachoshika bodi ya gari hili, likigongwa ubavuni, puti haitamwokoa mtu.

FUNDI: Nitalikata Jumatatu. Sakafu je?

MKAGUZI: Sakafu sijui. Ribiti zimeshika?

FUNDI: Zimeshika, ila pembeni pameanza tena kuoza. Mimi ningeing'oa yote.

MHANDISI: Kateni palipooza tu, lile bati la zamani libaki, na kiraka kipya kionekane kuwa ni kipya.

FUNDI: Kionekane? Dada, mimi nimefundishwa kazi nzuri ni ile isiyoonekana.

MZEE: Ninyi bishaneni. Mimi nataka kujua jambo moja: hizo siku gari likiwa gereji, viazi vyangu vinabebwa na nani?